Kilo ya Chumvi kwa Bwana Sumo

Ndugu zangu wa kiwandani, mmekuja mmoja mmoja, kila mmoja anataka nimsimulie upya, na kila nikisimulia mke wangu anasema nimeongeza kitu. Kwa hiyo leo nimekaa nimeandika yote kwa mkupuo, tangu nilipotoka nyumbani Mafiga hadi niliporudi na mchanga mgongoni. Habari za nauli na vikaratasi siandiki, hazina utamu.

Mafiga, kabla sijaondoka

Wengi wenu kisa mnakijua, lakini karatasi hizi zitapita mikononi mwa watu, acha nianzie mwanzo. Tulipopunguzwa kazi, wengine mlinunua cherehani, wengine mkaingia kwenye mitumba. Mimi nikanunua televisheni na deki iliyotumika, zimetoka Dar zimefungwa kwa kamba ya katani, nikasema nitafungua banda la video sebuleni kwangu. Siku hizi kila kitu ruksa, kwa nini video isiwe ruksa? Nilipoiwasha deki nikakuta kuna mkanda umekwama ndani, umebandikwa karatasi ya maandishi ya Kijapani. Nikabonyeza ucheze, na tangu saa hiyo akili yangu haijatulia.

Wanaume wanene, wamejifunga kitambaa kiunoni basi, wanainua mguu juu na kuushusha mpaka unaona ardhi imeomba radhi. Wanamwaga chumvi. Wanachuchumaa, wanatazamana, halafu wanavaana. Hujameza mate, mmoja yuko chini au yuko nje ya duara. Jirani yetu mwalimu wa jiografia ndiye aliyetuambia kwamba mchezo huo unaitwa sumo na kwamba wanacheza siku kumi na tano mfululizo. Majina yao hakuna aliyeyajua, tukawabatiza wenyewe. Yule mkubwa kuliko wote tukamwita Ghala. Na yule mfupi mwenye masikio makubwa, anayeangusha watu wanaomzidi mara mbili, jina alipewa na mama mkwe wangu. Alimwita Mjomba, kwa sababu alifanana na mjomba wake aliyemlea, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kutajwa ovyo.

Sasa huyu mama mkwe ndiye mwenye kisa. Yeye ni Mluguru wa milimani, mimi Mnyamwezi wa Tabora, na wote wawili tumelelewa tukijua kwamba mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja wakatazamana. Alikuja kwetu kwa ajili ya macho yake, yana mtoto wa jicho yote mawili na yanazidi kuingia ukungu. Mchana alikuwa anakaa ukumbini nyuma ya pazia, eti anachambua mchele. Kumbe kiti alishakisogeza mpaka kwenye upenyo wa pazia, pua karibu iguse kitambaa, anatazama. Hebu fikirieni aibu hiyo, mkwe na mkwe wa nyumba moja wanatazama matako ya Wajapani. Hakuna aliyelisema. Ila Ghala akimbwaga mtu nilisikia msonyo nyuma ya pazia, na Mjomba akishinda nilisikia ungo unapigwa kofi. Kisha anamwambia mke wangu Zaina, kwa sauti ya kunifikia, amwambie baba Tatu arudishe nyuma kidogo, Tatu hakuona vizuri. Tatu ana miezi minane.

Tatizo letu sote mnalijua. Siku ya kumi na tano Ghala na Mjomba wako sawa kwa ushindi, mmoja wao lazima abebe kombe. Wanamwaga chumvi ya mwisho, wanachuchumaa, wanagusa chini kwa ngumi, na hapohapo picha inakatika. Chenga tupu. Miaka miwili tumebishana juu ya zile chenga, wengine mpaka mkanuniana.

Wiki mbili zilizopita zikaja habari kwamba madaktari wa macho watafika hospitalini Jumatatu, wapasue kwa wiki moja tu kisha waondoke. Zaina akamwandikisha mama yake. Mama akagoma. Zaina alibembeleza, akalia, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe mama akalitoa neno lake nyuma ya pazia, na safari hiyo hakulipitisha kwa mtu.

"Mimi na Mjomba wote wadogo. Kama alisimama mbele ya lile Ghala akashinda, na mimi nitalala kwenye kitanda chao cha visu. Kama aliangushwa, niacheni na giza langu nirudi kwetu."

Mnanijua, sikukawia. Nikakohoa nikasema alishinda, mama, kuna mtu kanihakikishia. 

"Kwa mkono upi?"

Nikasema wa kulia.

"Wa kulia aliuumiza siku ya kumi na moja. Una bandeji," akasema, na nikasikia kiti kinasogezwa mbali na pazia.

Nilikimbia kuweka mkanda. Kweli, bandeji ipo, nyembamba, rangi ya ngozi. Miaka miwili mimi mwenye macho mazima sikuiona, na mwenye ukungu ameiona. Zaina akaninong'oneza nirudi nikaseme kushoto. Nikamwambia mke wangu, sasa hivi hata nikisema jua limechomoza mama yako atauliza kwa mkono upi. Niliona haya sana, na nikajua kwamba nisipoleta ukweli wenye ushahidi, yule mama atapofuka kwa ajili ya ulimi wangu.

Alhamisi, na lori tupu

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, nikaenda sokoni kununua njegere, kwa Mama Kobelo, mchuuzi kutoka Mgeta. Nilikuwa namlalamikia mambo yangu tu, nikataja Mjapani, naye akaniambia kwao kule yupo Mjapani, wanamwita Bwana Sumo. Nilisikia hivyo. Mama Kobelo ana lafudhi ya milimani, maneno anayameza miishoni, lakini ningeapa kwamba nimesikia vizuri. Njegere niliziacha palepale kwenye mizani.

Alhamisi asubuhi nikawa juu ya lori lililoshusha kabichi na sasa linarudi Mgeta tupu, pamoja na Mama Kobelo na magunia yake. Mkanda nilikuwa nimeufunga kwenye khanga ya Zaina ndani ya mkoba, na zawadi ya mwenyeji nimeishika mkononi. Nilibeba kilo moja ya chumvi. Mtu wa sumo yuko mbali na kwao, nikasema, chumvi itakuwa imemwishia.

Njiani nikamhoji Mama Kobelo vizuri. Nikamuuliza huyo bwana ni mtu mzito. Akasema mzito sana, hata mkuu wa wilaya alipanda kuja kumsalimia. Nikauliza anapiga kweli. Akasema anapiga hasa, kila Jumanne na Ijumaa, na watu wanapanga zamu, ukichelewa unakuta ameshapiga kwa jirani. Nikauliza anapiga akiwa amevaa nini. Akasema anajifunika gubigubi. Hilo lilinipa shida kidogo, lakini nikasema Mgeta kuna baridi, hata mwanasumo ana haki ya kuvaa sweta. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu siku ya harusi yangu, na Zaina asome hapa asinune.

Tulipopita Mlali barabara ikaanza kupanda, na kwenye kona moja nyembamba tukakutana uso kwa uso na pikapu nyeupe inayoteremka. Hakuna wa kupisha. Dereva wetu Kibwana akarudi nyuma, tairi la nyuma likakanyaga ukingo, udongo ukamomonyoka, lori likainama upande wa bondeni. Tuliruka wote isipokuwa Mama Kobelo, ambaye alikuwa amelala fofofo juu ya magunia na hakuamka hata pale. Kutoka kwenye pikapu akashuka mtu mwembamba wa Kijapani, miwani, shati limemning'inia. Akasaidia kubeba mawe tukaweka chini ya tairi, saa nzima, kimya kimya. Tulipomaliza akaniinamia. Nikamtikisia kichwa kidogo, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonana na Mjapani wa kweli. Huyu, nilijiambia, hata jogoo mkubwa atamsukuma nje ya duara. Pikapu ikaenda zake chini, sisi tukaenda zetu juu.

Ijumaa, Nyandira kwa miguu

Lori liliishia Langali, mbele barabara ilikuwa imekatika. Mama Kobelo alibaki hapo kwake. Mimi nikalala kwa binamu yake, na asubuhi nikaelekezwa njia ya mguu ya kupanda Nyandira, kwamba ni karibu tu, ni hapo.

Ndugu zangu, mkiambiwa na Mluguru kwamba ni hapo, chukueni chakula. Njia inapanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kila baada ya hatua kumi nilikuwa nasimama kuangalia mandhari, na mandhari yenyewe machoni mwangu ilikuwa nyeusi yenye nyota. Bibi mmoja mwenye tenga la viazi kichwani alinipita akipanda. Nilimwamkia, shikamoo bibi, akaitikia bila hata kuhema, akanitazama kwa huruma akauliza kama naumwa. Nilipofika nusu alikuwa anateremka, tenga tupu, akauliza tena. Lakini mashamba, jamani. Kabichi zimepandwa kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili, na maji yanapitishwa kwa vijifereji juu ya vichwa vya watu. Nilisahau mapafu yangu kwa muda.

Nyandira nikaonyeshwa nyumba ya Mzee Mkude, ambaye ndiye mwenyeji wa Bwana Sumo. Nikamwamkia, akanikaribisha, akanipa viazi na njegere vya moto na maziwa. Hakutaka niseme shida yangu kabla sijala. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa adabu, kama bwana yule alikuwa amepiga karibuni. Akasema Jumanne tu alipiga hapa, akaonyesha shamba. Nikamuuliza alimpiga nani. Akasema alipiga kabichi, zote hizo unazoziona, na kwa jirani alipiga nyanya. Nikazitazama zile kabichi. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo wanavyofanya mazoezi. Nikauliza, na aliwaangusha wangapi?

"Wote," akasema mzee. "Hakubaki mdudu hata mmoja."

Kisha akaingia ndani akatoka na bomba la kupulizia dawa, viatu vya mpira, glovu, na kitambaa cha kufunika uso. Akaniambia kwamba zamani dawa ya wadudu iliuzwa na ushirika peke yake, siku hizi inauzwa kila duka, kila chupa na rangi yake, na watu walikuwa wanaipima kwa kikombe cha chai. Ndipo akaja huyu kijana. Sisi tunasema dawa, yeye akawa anakataa. Anapita shamba hadi shamba anasema si dawa, sumu, hii sumu, mbali na watoto, sumu. Wakamwita Bwana Sumu.

Niliketi palepale juu ya kabichi. Mzee alidhani ni ile njia ya kupanda, akaniletea maji. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mti, akamwita mkewe aje acheke naye, mkewe akawaita majirani. Nami nikacheka, ingawa machozi hayakuwa mbali. Niliona Jumatatu inakuja, na pazia, na kile kiti kinachosogezwa. Nikauliza huyo Bwana Sumu ni mtu wa namna gani. Mwembamba, wakasema, ana miwani. Ameteremka jana kwa pikapu, mtakuwa mmepishana.

Mzee Mkude ndiye aliyenirudishia roho. Alipoacha kucheka akasema, "Lakini mwanangu, si Mjapani yule? Wewe Mnyamwezi huujui mziki wa kwenu kwa sababu hupigi ngoma?" Nikaona kweli. Akaniambia kijana yuko Kingolwira kwa siku mbili, anawafundisha wakulima wa bustani, na Jumapili atapandia treni palepale kwenda Dar, halafu mkataba wake umekwisha anarudi kwao. Kingolwira. Kutoka kwangu Mafiga ningeweza kwenda kwa baiskeli na kurudi kabla chai haijapoa.

Jumamosi, juu ya kabichi

Niliteremka mpaka Langali kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, na Kibwana alikuwa anapakia. Nikapanda juu ya kabichi pamoja na watu wengine saba. Habari zangu zilikuwa zimeshafika kabla yangu, sijui kwa miguu ya nani, labda yule bibi. Kila mtu alitaka kumwona Mnyamwezi aliyepandisha chumvi mlimani kumpelekea mpiga dawa. Kibwana, ambaye ni mtani wangu kwa kabila, alisema Wanyamwezi hawajabadilika tangu enzi za misafara, wape mzigo tu, hata hawaulizi unakwenda kwa nani.

Mvua ikanyesha, na chini ya Mgeta lori likakwama matopeni mpaka kwenye ekseli. Tulikaa hapo tangu saa nne asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka. Nyumba ya jirani wakatuchemshia sufuria ya viazi, havina chumvi. Watu wote wanane wakanigeukia. Nikafungua pakiti. Viazi vya Mgeta na chumvi, kwenye mvua, mkono umejaa tope, sijala kitu kitamu kama kile, na waliokuwa wananicheka wakaanza kuniita shemeji.

Kwa kuwa tulikuwa na nafasi, nikawasimulia mkanda wote. Nikawaonyesha Ghala anavyopanda duarani, Mjomba anavyojipiga mashavu, ile bandeji, zile chenga. Nikawaambia na habari ya mama mkwe. Hapo kicheko kikaisha. Baba mmoja, mkulima wa karoti, alisema mama yake alipofuka hivyohivyo, akifikiri ni uzee tu. Kisha wakagawanyika, watano upande wa Mjomba na watatu upande wa Ghala, na wakasukuma lile lori kwa hasira za ubishi mpaka likatoka. Giza lilipoingia tukalala hapohapo kando ya barabara. Kibwana alisema Jumapili atapita stesheni mwenyewe kuniteremsha, kabichi zitasubiri, kwa sababu na yeye ni wa Ghala na hataki kudanganywa.

Jumapili, stesheni ya Kingolwira

Tulipita Morogoro mjini asubuhi. Nilipita karibu na nyumbani kwangu kiasi kwamba ningeweza kumwita Zaina, na sikushuka. Treni ilitakiwa ipite Kingolwira alfajiri, na nilikuwa nimeshika ukingo wa lori kwa mikono miwili, naomba kwa mara ya kwanza maishani mwangu treni ichelewe. Ilikuwa imechelewa. Abiria wamejaa, wamekalia masanduku, wengine wameshaanza kupika chai. Na pale mwisho, amekalia sanduku la bati, mwembamba, miwani, shati linaning'inia.

Aliniona, akasimama, akaniinamia. Safari hii niliinama mpaka mgongo ukalia. Nikamwomba radhi kwa kichwa nilichomtikisia siku ile, akasema mawe mazito, pole, na nikagundua kwamba Kiswahili chake ni kilekile cha Mama Kobelo, anameza miishoni kama mtoto wa Nyandira. Nikafungua khanga nikampa mkanda. Akasoma ile karatasi. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alisema siku hiyo alikuwa mwanafunzi, yuko nyumbani na mama yake wanatazama, na mama yake alimwaga chai yote.  Nikamuuliza nani alishinda, mdogo au mkubwa.

"Mdogo alishindwa mkubwa," akasema.

 Nikamuuliza, alishinda, au alishindwa?

"Ndiyo," akasema kwa furaha.

Ndugu zangu, herufi moja. Nimepanda mlima na kuuteremka, nimelala nje, nimekaa juu ya kabichi, na macho ya mama wa watu yamening'inia kwenye herufi moja mdomoni mwa mtu wa heshima. Kibwana anapiga kelele kwamba ameshindwa, amesikia mwenyewe. Abiria wawili wanasema ameshinda, ila ameongea Kimgeta. Nikamshika yule kijana mkono, nikamwambia usiseme, nionyeshe. Nikajigonga kifua nikasema mimi mkubwa, wewe mdogo. Umbo langu mnalijua, mlango wa banda la video napita kwa ubavu.

Akanitazama. Akaweka miwani yake juu ya sanduku. Akachukua mwavuli wa mtu akachora duara mchangani, kando ya reli. Mzee mmoja wa stesheni alitoka mbio kuja kutukataza, alipoelezwa akasema basi atakuwa mwamuzi, na akasimama katikati na bendera yake ya kijani. Nilitoa pakiti ya chumvi. Kijana alipoiona akaiinamia. Akachota kidogo kwa vidole, kwa heshima, akamwaga duarani, nami nikamwaga kama Ghala, konzi nzima, na mama mmoja mwenye sufuria ya chai akasikitika kwa sauti kuhusu chumvi ya watu. Tukachuchumaa. Tukaweka ngumi chini. Ilikuwa ni palepale, ndugu zangu, mahali ambapo chenga huanza. Sikuziona chenga. Niliiona bendera inashuka.

Nilimvaa kwa uzito wote. Alikuwa mwepesi, alirudi nyuma, na kichwa chake kikajikita chini ya kidevu changu. Nikamsukuma hatua tatu, visigino vyake vikafika kwenye mstari. Nikawaza, basi, Mjomba amekwisha, na nikaanza kulegea kwa huruma, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mama. Kijana akafoka, "Sukuma!" Nikasukuma. Halafu mkono mmoja ukanikamata kiunoni, ukashika mkanda wa suruali na shati pamoja, yeye akageuka ubavu, na mimi nikaona anga lote la Kingolwira, kisha nikasikia mgongo wangu unafika.

Watu walipiga kelele ambayo sijaisikia hata uwanja wa mpira. Sikuinuka. Nililala pale juu ya chumvi nacheka kama mwendawazimu, na nikamuuliza, huo ulionishika ni mkono gani.

"Kushoto," akasema, huku anahema. Akainua wa kulia akautikisa. "Huu mbovu. Bandeji."

Sikumwambia habari ya bandeji, ninyi mashahidi. Nilimkumbatia mpaka akakohoa, na Kibwana akavua kofia yake akaitupa chini. Treni ikaingia wakati huohuo. Nilimpa kijana chumvi iliyobaki akaitia mfukoni mwa shati, akapanda. Dirishani aliinama mara ya mwisho, akaona mtoto anaokota chupa tupu kando ya reli, akapaza sauti, "Sumu! Mbali!" Hakuweza kuacha hata siku ya mwisho.

Mafiga tena

Nilifika nyumbani alasiri. Zaina akataka nioge kwanza, nikakataa. Nikasimama sebuleni, uso kwenye ukuta kama adabu inavyotaka, nikamwamkia mama mkwe aliyekuwa nyuma ya pazia. Nikasema, mama, Mjomba alishinda. Nikangoja.

"Kwa mkono upi?"

"Kushoto, mama. Visigino vilikuwa mwisho kabisa wa duara. Nimeangushwa mimi mwenyewe, kama alivyoangushwa Ghala."

 Nilijua anachofikiria, kwamba kushoto hata mjinga angebahatisha sasa. Kisha akamwambia Zaina anivue shati. Zaina akalipitisha chini ya pazia. Nikabaki kifua wazi, naangalia ukuta, na nikasikia vidole vya yule mama vinapita juu ya kitambaa polepole, na mchanga unadondoka kwenye ungo. Vikapita mgongoni. Vikashuka kiunoni. Vikasimama pale shati lilipochanika.

"Limechanika ubavu wa kulia," akasema.

"Ndiyo, mama. Kushoto kwake."

 Halafu sauti yake ikatoka, imelowa kidogo, akamwambia mwanawe, "Kaniwekee maji ya kuoga. Kesho sitaki kuchelewa."

Zaina alikaa chini sakafuni akalia, na mimi nililia nikitazama ukuta.

Jumatatu alipasuliwa jicho la kwanza, jingine watalishughulikia baadaye. Bandeji imetolewa juzi, na jana mlikuja wengi, sebule ikajaa, tukaweka mkanda kuanzia mwanzo. Nyuma ya pazia kiti kilikuwa mahali pake. Alisonya alipopaswa kusonya. Ghala akamwaga chumvi, Mjomba akamwaga chumvi, wakachuchumaa, wakaweka ngumi chini, na picha ikakatika palepale inapokatika siku zote. Nyote mlikuwa mnazitazama chenga.

"Kushoto," akasema mama mkwe, na tukasikia ungo unapigwa kofi.

Shati langu hajalirudisha.